Jina Lililofunikwa Kwenye Ukurasa wa Mzee Oketch

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mzee Oketch ametuacha. Ijumaa, hospitalini, saa nane mchana. Nimekaa siku tatu bila kuandika, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Leo Oluoch, kijana wake wa kwanza, amekuja hapa cyber ya Manyatta, Kisumu. Shati jeusi, macho mekundu. Familia inataka ukurasa wa mtandao: picha ya Mzee, historia yake, ratiba, orodha ya familia. Wako jamaa wa Marekani, wa Qatar, wa Nairobi — wote wapate habari mahali pamoja. Mazishi ni Jumamosi ya tarehe 16, nyumbani, upande wa Bondo, kule ziwani. Na siku yenyewe, orodha ya familia itasomwa kutoka kwa huo ukurasa mbele ya watu wote.

Nikamwambia, Bwana Oluoch, umefika kwa mwenyewe. Kutoka Kondele mpaka Busia hakuna anayejenga tovuti kama mimi. Hata Kampala wamewahi kuniita! (Waliniita kutengeneza printa. Lakini Kampala ni Kampala.)

Sichukui kitu kwa kazi hii. Mzee alikuwa fundi wa injini za boti pale Dunga. Nilipoacha chuo kule Bondo mwaka wa pili — wao ndio waliniacha, tuseme ukweli, hakuna mtu anasoma hapa — ni yeye aliyenipa kitanda. Miezi minane. Nyumba yake ya hapa Manyatta, kwa mke wake wa pili, Mama Caren. Jina lake hasa ni Nekoye, Mbukusu kama mimi. Nilikula ugali wa mkono wake mpaka nikasahau nimefeli.

Nitamjengea Mzee ukurasa ambao Kisumu haijaona.

Jumanne, 5 Agosti

Siku mbaya.

Sylvia ananicheka. Tunagawana meza na umeme hapa cyber. Yeye alimaliza Chuo Kikuu cha Maseno, mimi nilimaliza uvumilivu wa walimu. Akasema: ukurasa mmoja tu, Waswa, andika HTML, unganisha faili ya CSS, nenda nyumbani ulale. Nikamwambia hiyo ni kazi ya watoto. Mzee anazikwa na webpack.

Webpack inakusanya faili zote za tovuti na kuzifunga mzigo mmoja, kama vile wanavyofunga robota la mitumba. Shida: inaelewa JavaScript peke yake, lugha ya kuupa ukurasa vitendo. CSS — ndiyo inayovalisha ukurasa, rangi, herufi, nafasi — haiijui hata kwa sura. Mimi nikaiingiza CSS ndani ya JavaScript kama alivyofanya Mhindi mmoja kwenye video ya mafunzo. Ikakataa! Maandishi mekundu ukurasa mzima. Inasema labda nahitaji loader inayofaa kwa faili ya aina hii. Labda! Mashine inaniambia labda!

Nimejifunza: loader ni kama mkalimani. Wanahitajika wawili. Css-loader anaisoma CSS, style-loader anauvalisha ukurasa. Nikawaweka wote, kwa mpangilio wa akili timamu: anayesoma kwanza, anayevalisha baadaye. Mekundu tena. Saa nzima.

Mwishowe Sylvia akanyoosha shingo. Inaanza kutoka mwisho wa orodha, akasema. Wa mwisho ndiye anafanya kazi kwanza.

Nikamuuliza, nani duniani anasoma orodha kutoka mwisho?

"Webpack. Na wewe, ukishika gazeti, michezo kwanza."

Nikageuza. Ikakubali. Sikumshukuru. Nitamshukuru kesho.

Jumatano, 6 Agosti

Umevaa! Ukurasa umevaa!

Rangi nyeusi kama usiku bila stima, maandishi meupe, picha ya Mzee katikati. Ile picha ameshika propela ya injini kama mtu aliyeshika mtoto. Nimeitazama muda mrefu. Sikulia. Vumbi la Manyatta ni jingi mwezi huu.

Nimeandika historia yake. Nimeandika na familia. Wajane: Rosa, ndiye mikayi, mke wa kwanza, yuko nyumbani Bondo. Chini yake Nekoye, Mama Caren. Watoto: Oluoch, Apiyo, Caren. Sikufikiri mara mbili. Ndivyo nyumba ilivyo.

Nimemshukuru Sylvia. Kwa soda. Amesema nimshukuru kwa mdomo. Nikasema mdomo una kazi ya kunywa soda.

Ijumaa, 8 Agosti

Oluoch amekuja kuona. Alisimama nyuma ya kiti changu, akasoma polepole, akifika mahali anatingisha kichwa, vizuri, vizuri. Halafu akaweka kidole juu ya jina la Nekoye.

"Huyu amewekwa na nani?"

Nikasema ni mimi, si ni mama yenu wa pili.

Akavuta kiti. Sauti yake ilikuwa ya chini, si ya ugomvi, na hiyo ndiyo iliniumiza. Kwamba baba hakupeleka ayie kwa watu wa Nekoye, Bungoma. Ayie ndiyo ile mali ya kwanza inayoonyesha mwanamke amekubaliwa. Bila ayie hakuna ndoa. Wazee wamekaa wakasema. Atakayesomwa kwenye orodha ndiye atakaa na wajane, ndiye atatupa udongo kaburini. Asiyesomwa akae na wageni.

Nikamwambia amempikia baba yako miaka kumi na tisa.

"Hata hoteli inapika, Waswa."

Nikageuza kiti nikamtazama. Akaona amekosea, akajipangusa uso wote kwa kiganja. Akasema mtoto abaki, Caren ni damu. Mama yake ndiye atoke. Akasema nisimfanye amwaibishe mamake, Rosa, mbele ya kanisa. Yeye pia amefiwa na baba, nisisahau.

Nikaweka alama kwenye ule mstari wa jina. Kidole juu ya kitufe cha kufuta. Kikakataa kushuka.

Basi nikaenda kwenye CSS, nikaandika pale kwamba mstari huo usionyeshwe. Display: none. Ndiyo hiyo tu. Jina limebaki ndani ya HTML, yale maandishi yenyewe ya ukurasa, CSS imelifunika. Oluoch akaangalia skrini: halipo. Ero kamano, akasema, asante sana ndugu yangu. Akanishika bega.

Nimejiona mjanja. Kila mtu amepata chake. Oluoch hajamwona, na mimi sijamfuta.

Caren amebaki pale kwenye orodha ya watoto kama mtu aliyeletwa na mafuriko.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilipita kwa Mama Caren. Hakuna hema. Hema moja tu lilikodiwa, liko Bondo. Wanawake watano wa soko wamekaa kwenye jamvi, wanaimba kwa sauti ya chini kama watu wasio na ruhusa. Mama Caren akaniletea chai mwenyewe. Mfiwa ananiletea mimi chai!

Aliniuliza kama ni kweli nimejenga ukurasa wa Baba Caren. Nikasema ni kweli. Akaniambia Mzee angefurahi, alikuwa akisema yule kijana Waswa anaongea sana lakini mikono yake si ya mchezo.

Akauliza ataupataje kwenye simu. Nikamwambia bado haujafunguliwa. Hilo lilikuwa kweli, leo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeufungua saa mbili asubuhi. Kabla ya saa sita mchana watu mia nne wameingia! Mmoja wa Doha ameandika ni ukurasa wa heshima kuliko wa wabunge. Nimemsomea Sylvia mara tatu. Mara ya nne akavaa vile vidude vya masikioni.

Jumanne, 12 Agosti

Mungu wangu.

Saa tatu Oluoch amenipigia. Hakusalimia. "Waswa, umenifanya nini?"

Apiyo, dada yake aliye kule nyumbani, amepiga picha skrini ya simu yake na kuitupa kwenye WhatsApp ya familia. Oluoch amenitumia. Ni ukurasa wangu — lakini uchi! Hakuna weusi, hakuna mpangilio, herufi kama za barua ya korti, picha ya Mzee kubwa imekatika kwenye paji la uso. Na pale chini ya Rosa, wazi kama mchana: Nekoye (Mama Caren).

Nikafungua hapa. Umevaa. Jina halipo. Nikafungua tena. Halipo. Nikamwambia Oluoch kuna mtu ameichezea hiyo picha, dunia imeharibika, hata Kampala nimeona mambo kama hayo. Akasema shangazi zake watatu wameona kwa macho yao, kila mmoja kwa simu yake, na wazee wanauliza nani ana mkono hapa.

Sylvia akavua vile vya masikioni. Akaangalia kazi yangu dakika moja. Dakika moja!

Akanieleza kwa upole, na Sylvia akiwa mpole ujue kumeharibika. Kwamba kwa njia yangu, CSS imefungwa ndani ya ule mzigo wa JavaScript. Simu inapokea HTML kwanza, inaionyesha vile ilivyo. Baadaye mzigo unafika. Ndipo style-loader anaanza kuuvalisha ukurasa. Hapa Kisumu ni kufumba na kufumbua. Kule ziwani, mahali mtu anatafuta mtandao kwa kusimama juu ya jiwe, ni sekunde kumi, kumi na tano. Na simu ya zamani ambayo haielewi JavaScript ya siku hizi, nguo hazifiki kabisa.

Kwa hiyo ukurasa wa Mzee umesimama uchi mbele ya wakwe tangu jana. Kwa sababu mimi nilikataa kazi ya watoto.

Dawa zipo mbili, akasema. Futa mstari, kwisha. Au toa CSS nje ya mzigo, iwe faili yake yenyewe, iunganishwe juu kabisa ya ukurasa. Hapo simu itaisubiri kabla ya kuonyesha chochote. Hata ile ya zamani. Kuna plugin, programu ndogo ya nyongeza, ya kazi hiyo. Dakika tano.

Halafu akaniuliza, kwani huyo Nekoye ni nani, na kwa nini umemfunika badala ya kumtoa?

Nikasema nina njaa, nikatoka.

Jumatano, 13 Agosti

Sijui niandike vipi hii.

Nilienda kwa Mama Caren kumwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Nilikuwa nimejipanga, mzaha wa kufungulia na kila kitu. Nikamkuta amekaa mlangoni na simu yake ndogo, kioo kimepasuka kona, kikombe cha chai kando.

Akasema, "Waswa, macho yangu yameharibika. Nikifungua huu ukurasa naona jina langu. Halafu linaenda."

Caren ndiye alimtafutia anwani jana. Hata kama ni Kisumu, katika nyumba ile mtandao ni wa kuomba Mungu.

Nikachuchumaa karibu naye. Akaweka kidole juu ya kioo, akavuta chini. Ukurasa ukaja mweupe. Rosa. Chini yake, Nekoye. Tukatazama sisi wawili. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika tisa. Halafu weusi ukashuka, Mzee akatokea na propela yake, na pale chini ya Rosa hapana kitu.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Basi si macho."

Akavuta tena. Nikaelewa hakuwa ameanza nilipofika. Alikuwa akifanya hivyo tangu asubuhi. Betri ilikuwa imebaki kidogo sana. Jirani mmoja akapita, akampa pole, naye akaitikia bila kuinua uso, kidole kimeshavuta.

Hakuniuliza kwa nini linaenda. Nadhani anajua. Aliniuliza swali moja tu: Jumamosi, wakisoma, litakuwepo?

Mdomo unaojulikana kutoka Kondele mpaka Busia. Nikamwambia, Mama, chai yako imepoa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemweleza Sylvia yote. Hakucheka. Tumeketi pamoja tukaweka ile plugin, CSS imetoka nje, imekuwa faili yake. Tukajaribu kwa mtandao wa kobe: hakuna sekunde hata moja ya uchi. Jina halitokei popote.

Iko tayari kwenye laptop yangu. Bado sijaipandisha mtandaoni. Ni amri moja.

Sylvia akasema, pia unaweza kufuta ile display: none, aonekane mchana kweupe. Nikamwambia Oluoch anaangalia ukurasa kila saa moja kama daktari. Ataona kabla sijafika mlangoni, na atampa kazi mtu mwingine, na huyo mwingine atamfuta kabisa.

Oluoch ameandika: iwe tayari kesho saa sita. Mwili unaondoka mochari saa nane. Atapita hapa mwenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa nne na nusu asubuhi. Namba nisiyoijua.

Sauti ya mwanamke mzee. "Wewe ndiye Waswa wa kompyuta?"

Ni Rosa. Mikayi mwenyewe. Nikasimama, sijui kwa nini, kana kwamba ananiona. Nikamwambia mos, Mama, pole sana. Kuku walikuwa wanalia nyuma yake, na watu wanagonga nguzo za hema.

Akasema simu yake ni ile Apiyo alichoka nayo miaka mingi iliyopita. Ukurasa kwake hauna rangi, ni maandishi matupu. Mjukuu humsomea. Tangu Jumatatu jina la yule mwanamke liko pale, chini ya lake, halijaondoka hata siku moja. Lakini watu wanamwambia limetolewa, kwamba kwa simu zao linapita tu kama mwizi.

"Liko ama haliko?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo, na nimefanya mitihani ya kutisha. Nikamwambia: Mama, liko. Nimelifunika tu. Simu yako ndiyo haioni kifuniko.

Akamwambia mtu asogeze nguzo.

Halafu akasema Mzee alikuwa akija nyumbani kila Krismasi na shati limepigwa pasi. "Pasi yangu naijua. Ile haikuwa yangu." Akasema miaka hii miwili ya ugonjwa, mtu mzima hawezi hata kujifunga kifungo, ni nani alikuwa anamwosha? Miguu yake yeye haikufika Kisumu. Oluoch alikuja mara ngapi? Basi aliosha nani?

Nikasema, Mama Caren.

"Eeh."

Halafu hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Kesho msomaji atasoma kwa simu yangu. Nitampa kwa mkono wangu. Na wewe usiguse kitu." Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu kijana wake. Akasema wazee wameshakaa. Yeye ni mjane, hawezi kusimama mbele yao na kusema kinyume. Simu ikisema, simu imesema. Akaniomba nisimwambie Oluoch kwamba amepiga. Hakuaga. Alimwita mtu kuhusu maji, simu ikakatika.

Sasa ni saa sita kasoro. Nimeagiza chai mbili, sijanywa hata moja.

Nikipandisha hii ya jana, faili ya CSS itafika mpaka kwenye simu ya Rosa. Jina litafunikwa, hata kwake. Msomaji atasoma Rosa, atapumua, atasema watoto. Mama Caren atakaa na wageni, nyuma, na watu wa kubeba viti.

Nisipopandisha, Oluoch atataka sababu. Siwezi kumtaja mamake. Siwezi kusema sitaki, ataita fundi mwingine. Limebaki jibu moja peke yake la kumfanya aniache bila kutafuta mwingine: kwamba nimejaribu njia zote, na dunia nzima hakuna anayejua, na mimi pia sijui. Nimeshindwa. Mimi, Waswa. Sijawahi kusema sijui hata kwenye mtihani. Nilikuwa naandika kitu.

Na ataenda kuwaambia Kisumu yote. Haki yake.

Shida ni Sylvia. Yuko hapa mkono wa kushoto. Oluoch anajua alimaliza Maseno. Atamgeukia yeye amuulize. Sijamwambia kwamba Rosa amepiga, sijampanga. Nilitaka kumpanga, nikaona haya kumwomba mtu adanganye kwa ajili ya mazishi ya asiyemjua.

Oluoch anavuka barabara. Suti nyeusi, ua jeupe kifuani, amekonda kwa wiki mbili. Naandika daftarini ili mikono iwe na kazi nyingine.

Ameingia. Amemsalimia Sylvia, amenisalimia mimi. Anadhani hii ni kazi yake naandika, amesema nimalize tu.

Amesimama nyuma ya kiti. Laptop iko wazi, ile amri iko pale, imeshaandikwa, imebaki kubonyezwa.

Anauliza kama imetengenezeka.

Sylvia ameacha kuchapa. Naweka kalamu chini nimwambie sijui.